Sheria ya Uhuru wa Mvua

Nchi ya Neemani haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta, wala asije akasema anawafahamu watu wake. Ni jamhuri ya kawaida kabisa. Ina bendera, ina wimbo, ina pwani, ina mabonde yanayolimwa kwa mvua za vuli na masika, na ina Baba Mlezi, ambaye amekuwa rais tangu enzi ambazo wengi wa wananchi wake walikuwa hawajazaliwa. Katika nchi hiyo aliishi mama mmoja aitwaye Zumira Semkiwa, na kazi yake ilikuwa kutabiri mvua.

Hakuwa mganga. Bi. Zumira aliisomea kazi hiyo, na kwa miaka ishirini na saba alikuwa Mtabiri Mkuu katika Idara ya Hali ya Hewa, ofisi ya vyumba vitatu iliyojengwa juu ya paa la Wizara ya Anga. Kila mwaka, mwezi wa Septemba ukielekea ukingoni, aliketi redioni saa moja na nusu asubuhi akawaambia wakulima vuli itakuwaje. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, isiyo na haraka, na watu wa mabondeni waliifahamu kuliko ya Baba Mlezi, jambo ambalo halikupata kusemwa hadharani. Akisema pandeni, walipanda. Akisema ngojeni, walingoja. Mara nne alikosea, na mara zote nne alirudi redioni akasema, "Nilikosea." Hapo ndipo walipozidi kumwamini.

Sasa, vuli ya Neemani haianzii Neemani. Hili Bi. Zumira alilijua kama ajuavyo njia ya kwenda kwao. Bahari ya pwani yao ni ile ile inayofika hadi visiwa vya mashariki ya mbali, kilometa elfu saba. Maji ya kule yakipata joto kuliko ya huku, hewa yenye unyevu hupanda kule, mawingu hujikusanya kule, na mvua humwagika kule. Hewa hiyo ikishamaliza unyevu wake husafiri juu kwa juu, kisha hushuka huku ikiwa kavu, ikayakandamiza mawingu yasiinuke. Mwaka huo maboya ya vipimo yalionyesha kwamba maji ya mashariki yamepanda joto kwa nyuzi moja na nusu kuliko kawaida, na ya pwani ya Neemani yamepoa. Bi. Zumira aliyatazama yale mahesabu siku tatu, akitafuta alipokosea. Hakupaona. Akaandika: vuli itachelewa, itakuwa haba, na katika mabonde ya kaskazini huenda isije kabisa. Wakulima wahifadhi mbegu. Wafugaji wapeleke mifugo nyanda za juu mapema.

Siku ya pili yake aliitwa na waziri.

Waziri wa Anga, Mheshimiwa Kivumbi Lupogo, alikuwa mtu mpole aliyependa kuelimishwa. Alikuwa ameipigia mstari mwekundu ile taarifa.

"Bi. Zumira, bahari hii uliyoitaja iko mkoa gani?"

"Haiko katika mkoa wowote, mheshimiwa. Iko nje. Kilometa elfu saba."

"Elfu saba." Waziri alimgeukia katibu wake ahakikishe ameandika. "Kwa hiyo ipo huko huko iliko, haijaomba kibali, haijapita uhamiaji, na inaamua wananchi wetu wale au wasile?"

"Ndivyo anga lilivyo, mheshimiwa. Halina ukuta."

"Basi hilo ni pengo kubwa," alisema waziri kwa masikitiko ya kweli, "na nashangaa hatukuarifiwa mapema." Akavua miwani. "Mama, Baba Mlezi ameutangaza huu kuwa Mwaka wa Ghala Kufurika. Nyimbo zimekwisha kutungwa. Watoto wa shule wamefundishwa gwaride, kila mmoja ameshika gunzi. Leo tukawaambie kwamba mavuno yamezuiwa na maji ya watu wengine? Tutakuwa tumepigania nini?"

Ikaundwa Tume ya Kuchunguza Asili ya Mvua, mwenyekiti wake akiwa brigedia mstaafu ambaye aliheshimika kwa kutobadili mawazo tangu ujana. Tume ilikwenda pwani. Wajumbe walikunja suruali, wakaingia majini hadi magotini, wakatia vidole. Taarifa yao ilisema kwamba maji ya Neemani yana ubaridi wa kizalendo, na kwamba Tume, hata ilipotumia darubini, haikuona bahari nyingine yoyote.

Bunge likapitisha Sheria ya Uhuru wa Mvua katika kikao kimoja, kwa vigelegele. Kifungu cha kwanza kilisema: "Hakuna bahari, upepo wala joto lililo nje ya mipaka ya Jamhuri litakaloruhusiwa kuathiri mvua za ndani." Mbunge mmoja aliuliza kama upepo umeshapewa taarifa. Alijibiwa kwamba kutoijua sheria hakumwondolei mtu hatia, na upepo ni vivyo hivyo. Wiki hiyo fundi wa wizara alipanda juu na mkasi, akaikata ramani kubwa ya ukutani kufuata mipaka ya nchi. Dunia yote iliyobaki akaikunja, akaenda nayo. Bi. Zumira akaachiwa Neemani peke yake, imening'inia kwenye msumari kama kitambaa cha jikoni.

Alikuwa na kaka mmoja tu, Mbaruku, mkulima wa Kwemshindo, katika bonde la kaskazini. Wazazi wao walipofariki Mbaruku alikuwa na miaka kumi na sita na Zumira saba. Mbaruku aliacha shule akashika jembe ili mdogo wake asome, na hakupata kumkumbusha jambo hilo hata siku moja. Kila mwaka, siku chache kabla ya tangazo, alimpigia simu.

"Mwaka huu vipi, mdogo wangu?"

"Subiri tangazo, kaka."

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Nikikwambia wewe leo, nitakuwa nimewaibia wengine."

Mbaruku alicheka. Alikuwa akilipenda jibu hilo; alikuwa akiwasimulia majirani. Naye Zumira, wakati analitamka, alikuwa bado anaamini kwamba ukweli atausema redioni, sheria au si sheria.

Lakini waziri alimwita tena. Hakumtisha, maana wizara yake haikuwa na tabia hiyo. Alimweleza tu kwamba kama hatalisoma tangazo lililotayarishwa, vituo vyote kumi na tisa vya kupimia mvua vitafungwa, na wapimaji wake wataachishwa kazi, kwa kuwa mvua iliyo huru haina haja ya kuchunguzwa kama mfungwa. Bi. Zumira alikuwa amewafundisha wapimaji hao mmoja mmoja. Alifikiri: vituo vikifungwa, hata mwakani hakutakuwa na atakayejua lolote. Akaomba sentensi moja tu iongezwe mwishoni: kila mkulima abakize nusu ya mbegu zake nyumbani.

"Sentensi moja?" alisema waziri. "Mama, hata mbili."

Alikubali upesi mno, na hapo Bi. Zumira angeshtuka, lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hushukuru. Akasoma. Alisema vuli itakuja kwa wakati, tena ya kutosha, kwa hekima ya Baba Mlezi. Kisha akaisoma sentensi yake polepole, neno kwa neno, kama mtu anayemkabidhi mwenzake kitu cha kuvunjika.

Simu ya Kwemshindo ililia wiki mbili baadaye.

"Tumekusikia, Zumira! Umesema vizuri mwaka huu. Tumeshafukia zote, tumepanda kwenye vumbi, tunangoja matone tu."

"Zote? Kaka, si nilisema mbakize nusu?"

"Ulisema wapi?"

"Mwishoni. Sentensi ya mwisho."

Mbaruku alifikiri. "Mwishoni palipigwa tarumbeta," alisema. "Bendi nzima. Ilikuwa nzuri sana." Kisha, kwa furaha ile ile, akaendelea: "Na majirani nimewahimiza. Kihiyo alitaka kungoja, anasema upepo haumpendezi. Nikamwambia, dada yangu hajapata kuniongopea tangu azaliwe. Wamepanda wote. Nyumba arobaini na moja."

Bi. Zumira alisimama dirishani, simu sikioni. Juu ya mapaa ya mji anga lilikuwa safi, la buluu, zuri kupita kiasi.

"Zumira? Upo?"

"Nipo, kaka."

"Basi tuombe Mungu."

"Tuombe," alisema. Na hakusema zaidi. Alikuja kuhesabu baadaye kwamba ukimya wake pale ulichukua muda wa kuvuta pumzi mara mbili, na kwamba ulikuwa mkubwa kuliko uongo wote alioupeleka redioni.

Oktoba ikapita. Novemba ikapita. Upepo, ambao inaelekea haukusoma gazeti la serikali, ulishuka kutoka juu ukiwa mkavu, ukapepeta mashamba, mahali pengine ukazifukua mbegu na kuziacha zimelala juu ya udongo kama meno.

Serikali haikukaa kimya. Iliagiza mvua ipimwe upya na watu wanaoaminika. Wakuu wa wilaya walikwenda vituoni wakiwa na madumu ya maji, wakamimina katika vipimo mbele ya waandishi wa habari, na vipimo, kwa kuwa ni vyombo visivyoweza kusema uongo, vikaonyesha maji. Vituo vyote kumi na tisa vilileta kiasi kile kile, milimita arobaini kamili. Bi. Zumira aliwapigia wapimaji wake aliowaokoa. Mmoja alilia. Wengine walisema, "Mama, arobaini," wakakata simu.

Desemba ikaja habari kwamba visiwa vya mashariki ya mbali vimepata mafuriko ambayo hayajawahi kuonekana. Vijiji vizima vimesombwa. Baba Mlezi, ambaye hakuna aliyeshindana naye kwa utu, alituma salamu za rambirambi kwa watu wa huko, akiwapa pole kwa mvua yao. Bi. Zumira alizisoma salamu hizo gazetini. Akaliweka gazeti chini, akaandika barua ya likizo, akaenda Kwemshindo.

Alimkuta Mbaruku amekaa kwenye kigoda ubavuni mwa nyumba, upande usio na njia. Alikuwa amekonda hata saa ya mkononi imepanda karibu na kiwiko. Mkewe, Salange, alimpokea wifi yake mzigo, akamkaribisha, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kaka yake haendi tena msikitini wala gulioni. Anaswalia ndani. Watu hawamsalimii.

"Wana hasira," Mbaruku alisema walipobaki wawili. "Nawaambia mvua ndiyo iliyokosea, si wewe. Mara nne ulikosea ukasema. Na hii ya tano utasema."

"Sikukosea, kaka."

"Eh?"

"Nilijua. Tangu Septemba. Niliandika kwamba haitakuja, wakanikataza, nikasoma waliyoniandikia. Hata uliponipigia simu mmeshapanda, nilijua. Nikanyamaza."

Mbaruku alitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama tena.

"Ungeniambia mimi," alisema mwishowe.

"Nilifikiri nikikwambia wewe peke yako, hao wengine..."

"Hao wengine ningewaambia mimi, Zumira. Kazi yangu mimi ilikuwa nini?"

Hakupaza sauti. Bi. Zumira alisema baadaye kwamba angempiga, angepata nafuu. Aliinama pale pale akalia, kilio cha mtu mzima kisicho na machozi mengi. Kaka yake alimwacha alie. Kisha akatafuta fimbo yake, akasimama kwa shida.

"Hii mvua, sasa. Bado inaweza kuja?"

"Haiji. Mpaka masika, na hayo nayo sina uhakika nayo."

"Lakini watu bado wanangoja. Redio inawaambia wangoje. Wenye ng'ombe hawajaondoka." Alinyoosha mkono dada yake amsaidie kutembea. "Twende. Wewe useme. Mimi nitasimama karibu yako."

Wakaenda. Iliwachukua siku nne kuzimaliza nyumba arobaini na moja, kwa kuwa Mbaruku alihitaji kupumzika kila baada ya nyumba mbili. Mlangoni pa kila nyumba Bi. Zumira alijitaja jina, ingawa wote walimjua kwa sauti, akasema: nilijua mvua haiji, nikawaambia inakuja, mkapoteza mbegu, msiingoje, haipo, wenye mifugo ondokeni leo mkiwa na nguvu. Kuna waliofunga mlango kabla hajamaliza. Kuna mama aliyemsikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na ulikula nini mjini, wewe?" Mzee Kihiyo, yule ambaye upepo haukumpendeza, alitema mate chini, karibu na miguu ya Mbaruku, akasema, "Usirudi hapa. Nawe, Mbaruku, usirudi."

"Sawa, Kihiyo," alisema Mbaruku. "Lakini ng'ombe wako waondoe."

Kesho yake asubuhi vumbi lilionekana kwenye njia ya nyanda za juu. Kihiyo alikuwa ameondoa ng'ombe. Hadi wiki inaisha kaya ishirini na sita zilikuwa zimepandisha mifugo yao, na wazee wa bonde hilo wanasema ndiyo iliyosalimika mwaka ule.

Mkuu wa wilaya alipopata habari, Bi. Zumira alishtakiwa kwa kosa la kuingiza nchini hali ya hewa ya kigeni. Mwendesha mashtaka aliomba kielelezo, yaani hiyo hali ya hewa yenyewe, kiletwe mahakamani. Ilibidi madirisha yafunguliwe, na hakimu akajionea jinsi kulivyokuwa kukavu. Alimwachisha kazi na kumpiga marufuku kutazama angani kwa miaka mitano. Askari mmoja aliagizwa kumfuata aone kama anainua kichwa. Baada ya wiki mbili askari huyo aliomba ruhusa akazike kwao, naye hakurudi.

Bi. Zumira alihamia Kwemshindo. Alichota maji na wifi yake, kisima kilichokuwa hai kikiwa mwendo wa saa tatu kwenda na kurudi. Mbaruku hakuinuka tena tangu ile siku ya nne. Uji ukiletwa alisema amekwisha kula, na wajukuu zake waliopewa bakuli lake hawakujua kuhesabu milo ya babu. Salange alijua. Zumira alijua. Walimsihi, walimkemea, wakamdanganya kwamba kuna mwingine jikoni. Alikuwa mtu wa kuamini mambo mengi, lakini hilo hakuliamini.

Alifariki siku ya Ijumaa asubuhi, mwezi wa Machi, mkono wake ukiwa juu ya goti la dada yake.

Bi. Zumira alikwenda ofisi ya kata kuchukua kibali cha mazishi. Karani alikuwa mtu wa makamo, nadhifu, mwenye fomu.

"Sababu ya kifo?"

"Njaa."

Karani akashusha kidole kwenye orodha iliyochapwa. "Kuna uzee, kuna ajali, kuna homa, kuna mapenzi ya Mungu, na kuna furaha iliyozidi. Njaa imefutwa, mama, kwa kuwa mvua ilinyesha. Milimita arobaini."

"Mimi ndiye niliyezipokea hizo arobaini. Andika njaa."

Karani alitazama mlangoni, kisha akainama karibu. "Mama, andika homa," alinong'ona. "Utie sahihi umzike ndugu yako. Mimi mama yangu mzazi nimemwandika homa." Akamsogezea kalamu.

Bi. Zumira aliitazama kalamu. Kisha akaweka mkono wake juu ya mkono wa yule karani, akauacha hapo kidogo.

"Pole, baba," alisema. "Lakini mimi nimeshasoma tangazo moja la uongo. Siwezi kutia sahihi la pili."

"Basi kwa serikali hajafa."

"Basi mwekeni hivyo."

Kwa hiyo katika madaftari ya Neemani Mbaruku Semkiwa yu hai mpaka leo, na ni mmoja wa wakulima bora wa wilaya.

Alirudi nyumbani bila kibali. Shimo lilikuwa limechimbwa na watu watatu tu, kwa sururu, maana udongo ulikuwa kama tofali. Maiti ilikuwa haijaoshwa. Salange alimwonyesha ndoo: maji hayakufika nusu, na ndiyo ya watoto ya siku ile. Imamu alisema kwa upole kwamba dini haina uzito kwa asiye na maji, kuna kutayamamu, watapaka vumbi safi na itafaa.

"Alikuwa nalo vumbi la kutosha," Salange alisema, akakaa chini.

Mzee Kihiyo ndiye aliyetangulia. Alikuja kwa njia ya shambani, akiwa ameshika kikombe cha bati kwa mikono miwili, anatembea polepole sana asimwage. Hakumsalimia mtu. Alikimimina kile kikombe kwenye sufuria kubwa iliyokuwa mlangoni, akakung'uta tone la mwisho, akasogea pembeni akasimama na wanaume. Nyuma yake akaja yule mama aliyeuliza watu wa mjini wanakula nini, na kata yake ya kifuu. Kisha wengine. Kutoka nyumba zilizofunga milango, kutoka nyumba ambazo zilikuwa zimebakiwa na ajuza mmoja tu, walikuja na vikombe, na makopo, na chupa za dawa zilizosuuzwa. Kila mmoja alimimina, akasogea. Hakuna aliyesema kwamba amesamehe. Bi. Zumira hakuthubutu kuuliza.

Wanaume waliingia na sufuria. Yeye alibaki nje, mgongo wake ukutani, akasikia maji yakimiminwa juu ya kaka yake: mara ya kwanza, kimya, mara ya pili, kimya, mara ya tatu. Yalitosha. Hata yalibaki kidogo, safi, hayajaguswa, na Imamu akatoka nayo kumuuliza mjane yafanyweje.

Salange alitazama ile foleni ya watu waliosimama juani, midomo imewakauka, na mbele yao watoto wa Kihiyo, walioshuka kutoka nyanda za juu walikokuwa wakichunga.

"Wapeni watoto wa Kihiyo," alisema. "Wametoka mbali."